Awamu ya Pili

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, harufu ya rangi ilibaki mtaani kama mgeni asiyejua kuaga. Ilikaa kwenye mapazia, kwenye nywele za watu, hata kwenye maji ya kunywa. Baadaye nayo ikaondoka, na hapo ndipo watu walipoamini kwamba mambo yameharibika kweli. Wale wale waliokuwa wakiilaani kila siku wakawa wanafungua milango asubuhi na kunusa hewa, kuona kama imerudi.

Katika nyumba ya Fundi Viatu walikuwa wakitoka watu wawili kwenda kiwandani. Wa kwanza ni mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Katibu kwa kuwa ndiye katibu wa kamati ya wafanyakazi. Wa pili ni dada yake Fundi, ambaye Katibu alimwita wifi, na watu wengine nao wakafuata, hata wale ambao hakuwa wifi yao kwa lolote. Mawifi hawa walifanya kazi kwenye tangi moja la rangi. Tofauti yao ni kwamba Katibu alikuwa mwajiriwa wa kudumu, na Wifi alikuwa kibarua, wa kuambiwa kila jioni "kesho uje". Alikuwa akija kila kesho kwa miaka tisa.

Kazi ya tangini haifanywi na mtu mmoja. Kitambaa kinazamishwa kwenye rangi ya moto kikiwa kimetundikwa kwenye mti mrefu, na kikishaiva mnakinyanyua, mmoja huku na mwingine kule, mnakipeleka kukichuja. Kikiwa kimelowa kina uzito wa kuvunja mgongo. Anayetaka kuachia upande wake lazima aite, "Naachia!" na mwenzake aitikie, "Achia!" Kabla hujaitikiwa huachii, hata kama mkono unakatika. Ukiachia kimya kimya, mti unaruka na rangi ya moto inammwagikia mwenzako. Wifi alikuwa na kovu shingoni la namna hiyo, aliloachiwa na mwenzake wa mwanzo. Tangu aanze kufanya kazi na Katibu hakuwahi kuungua hata tone.

Sasa matangi yalikuwa makavu, na mawifi hao walikuwa wamesimama mbele ya duka la mtaani wakiomba unga na sabuni kwa mkopo.

"Katibu," mwenye duka alisema, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa nje, "wewe ni kiongozi. Kiongozi akikopa, sisi raia tufanyeje?"

Watu wakacheka. Katibu naye akacheka, maana anayekopa hana ruhusa ya kununa. Ndani kwa ndani alitamani ardhi ipasuke.

"Mpe tu, baba," Wifi akadakia. "Msaada wa serikali ukitoka, mimi mwenyewe nitakuja kulipa la kwangu na la wifi yangu."

"Utatoka lini huo msaada?"

"Muulize Katibu. Si ndiye anayekaa na wakubwa?"

Mwenye duka akamtazama Katibu, Katibu akautazama unga. Wakapewa unga. Sabuni wakaambiwa warudi kesho.

Njiani Wifi alitembea kwa furaha ambayo Katibu hakuiona kwake siku nyingi. "Nimepata chumba," akasema. "Kule nyuma ya shule. Kidogo, lakini kina dirisha, na dirisha lenyewe linafunguka."

"Chumba cha nini tena, wifi?"

"Cha kulala, cha nini kingine? Nimechoka kulala nyuma ya pazia sebuleni kwenu nikimsikiliza kaka yangu anavyokoroma."

"Na mimi ninayelala naye kitanda kimoja niseme nini?"

"Wewe ulimtaka mwenyewe. Mimi nilizaliwa naye, nikadhani zamu yangu imekwisha." Wakacheka wote wawili. Kisha Wifi akasema, "Nimemwambia mwenye nyumba anishikie. Msaada ukitoka namlipa."

Katibu akahisi unga umekuwa mzito mkononi. Jana yake Mwenyekiti wa kamati alikuwa amemnong'oneza kwamba serikali imelegea, itatoa msaada, lakini vibarua haiwataki. Hapo njiani ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mtaa ulikuwa mtupu, na walikuwa wametoka kucheka.

"Usikimbilie sana, wifi," akasema. "Haya mambo ya serikali yana mizunguko."

"Mizunguko hiyo si ndiyo tumekutuma wewe ukaizunguke?"

Wakaingia ndani.

*

Mheshimiwa alikuja siku hiyo hiyo alasiri, kwa miguu, kwa sababu uchochoro ulikuwa mwembamba na gari lake lilikwama mwanzoni tu. Ndiye mbunge waliyempigia kura, na ndiye aliyepeleka madai yao bungeni: kila aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, wa kudumu na kibarua, apewe cha kujikimu mpaka milango ifunguliwe tena. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, na alipofika mlangoni soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa inapiga makofi.

"Lete hicho kiatu, Mheshimiwa," Fundi Viatu akasema. Alifurahi. Tangu kiwanda kifungwe watu walikuwa wakitembea na viatu vilivyoachama mdomo, wakimpita bila kumwangalia.

Mheshimiwa akaketi kwenye kiti kizuri, mguu mmoja soksi tupu, kidole kikichungulia. Wifi akamletea chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa hilo. Mheshimiwa akasema daktari wake angefurahi.

"Mama," alimwambia Katibu, "nimepigana. Naomba uniamini hilo. Mwanzoni hawakutaka kutoa hata senti moja. Tumewabana kwenye bajeti, maana bila kura za chama chetu haipiti. Wamekubali nusu mshahara kwa kila mfanyakazi wa kudumu, mpaka kiwanda kifunguliwe."

Katibu akageuka kuona kama Wifi yumo. Alikuwa ameshatoka kwenda uani.

"Na vibarua?"

"Awamu ya pili."

"Ambayo ni lini?"

"Baada ya uchaguzi."

"Nani kasema?"

"Waziri mwenyewe."

"Ameandika mahali?"

Mheshimiwa akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, waziri akiandika kila anachokisema, karatasi zitaisha nchini."

"Na wao wanataka nini kwetu?"

"Mambo mawili. Maandamano yafutwe. Na kamati itangaze kwamba wafanyakazi wote wameridhika."

"Wote?"

"Ni neno tu."

"Kama ni neno tu, si waliondoe?"

"Hilo ndilo wanalolinunua, mama." Akanywa chai yote kwa mkupuo kama dawa. "Bunge linavunjwa wiki hii. Mkikataa, hakuna wa kudumu wala kibarua atakayepata kitu, na mimi nitarudi hapa kuomba kura kwa watu wenye njaa. Sikufichi, na mimi nina yangu. Kamati yenu imegawanyika, wawili huku, wawili kule. Umebaki wewe."

Akainama karibu, sauti akaishusha. "Yule aliyeleta chai ni nani wako?"

"Wifi yangu. Tunafanya naye kazi tangi moja. Kibarua."

"Orodha ya wa kudumu haijafungwa. Majina mawili matatu yanaweza kupenyezwa, hakuna atakayehesabu. La kwake lingeweza kuwa mojawapo."

Katibu alifikiria dirisha linalofunguka. Kisha akawafikiria vibarua wengine, yule bibi wa kufagia nyuzi, wale wasichana wa kupakia marobota, jinsi watakavyomtazama Wifi akipokea. "Ngoja kwanza nifikirie," akasema.

"Fikiria. Ila usifikirie mpaka siku ipite."

Akavaa kiatu chake, akapiga mguu chini kukijaribu, akamsifu Fundi kwa maneno matamu, akaondoka akiwa na soli mpya.

"Amekulipa?" Katibu akamuuliza mumewe.

"Amenishukuru," Fundi akasema, akifunga kopo la gundi lililobaki tupu.

*

Asubuhi Fundi hakutaka kumeza chai. Alikuwa amesikia yote akiwa anagonga soli. Nyumba yao haikuwa na kuta za kuzuia siri.

"Mkubalie," akasema. "Ni dada yangu. Umeletewa mezani, unataka nini zaidi?"

"Na wenzake?"

"Wenzake wana mawifi zao."

"Baba, nitasimamaje mbele ya watu na kusema tumepigania haki, huku nimepenyeza wa nyumbani kwangu?"

"Basi kataa mkataba wote."

"Nikikataa hupati unga hata wewe."

"Sasa mke wangu, unataka nini?"

Swali hilo lilimchosha Katibu kuliko njaa. Fundi akamtazama, hasira ikamtoka, akabaki na huruma. "Basi angalau mwambie," akasema kwa upole. "Asilisikie kwa watu."

"Nitamwambia."

Wifi alikuwa bombani, ndoo mbili zimejaa, anasubiri mtu wa kumtwisha. Katibu akamtwisha moja.

"Leo ndiyo mnakutana?" Wifi akauliza kutoka chini ya ndoo.

"Leo."

"Mtupiganie, Katibu. Vibarua wenzangu jana wamenipitia wanne, kila mmoja ananiuliza, nami nawaambia, tulieni, wifi yangu yumo mle." Akatabasamu, maji yakimchuruzika usoni. "Na wewe ule kabla ya kwenda. Mtu mwenye njaa hajui kubishana."

Maneno yalikuwa yamemfika Katibu kwenye ncha ya ulimi. Lakini kumwambia mtu jambo kama lile akiwa na ndoo kichwani! Atamwambia akirudi, alijisemea, mambo yakishajulikana vizuri. Pengine kamati itapata njia nyingine. Binadamu akiogopa, hakosi sababu nzuri ya kungoja.

*

Kamati ilikutana kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na kufuli. Walilazimika kumbembeleza mlinzi, ambaye zamani alikuwa akiwapigia saluti. "Msikae sana," akawaambia. "Kibarua changu kikiota nyasi, hamtanigawia msaada wenu." Wakabanana watano kwenye mabenchi mawili, magoti yakigusana.

Mwenyekiti, mzee wa chumba cha boila, akaeleza mkataba. Hakuupamba. Alipomaliza, kijana wa mitambo waliyemwita Spana akaruka.

"Tukatae! Tulisema wote, tukaapa wote. Tuingie barabarani."

"Tuingie na nani?" Mwenyekiti akauliza. "Maandamano ya juzi uliwaona waliokuja? Nusu yao walikuja kwa sababu walisikia kuna maji ya kunywa. Watu wamechoka, mwanangu. Hata kupiga kelele kunataka tumbo lenye kitu."

Katibu akanyoosha mkono. Alikuwa na wazo, na usiku kucha alikuwa akiligeuza. "Tupokee, lakini tugawane. Kila wa kudumu amkatie kidogo mwenzake aliyekuwa anafanya naye kazi. Tusiwasubirishe awamu ya pili, tuwe sisi hiyo awamu."

Mama Uzi, mshonaji, ambaye siku zote alikuwa upande wa Katibu, akatazama pembeni. "Katibu, unanijua," akasema. "Nina watoto wanne na mume aliyeingia mitini. Hiyo nusu nimeshaila kabla haijatoka. Nitamkatia mtu nini?"

"Nusu ukiikata tena," Mwenyekiti akasema, "inabaki harufu."

Hata Spana, mwenye maneno makali, hakusema kitu. Naye alikuwa wa kudumu.

"Basi tuwaulize vibarua wenyewe," Katibu akasema.

"Hawana kura kwenye kamati. Ndiyo kanuni."

"Nimesema tuwaulize. Sikusema kura."

Mwenyekiti akapangusa uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alikuwa amelala hospitali, na muuguzi alikuwa ameanza kumsalimia kwa jina la deni. "Ukimuuliza mtu kama umwache, Katibu, unategemea akujibu nini?"

Wakapiga kura kwa mikono. Mwenyekiti na Mama Uzi waliinua. Spana na mwenzake wa stoo wakakunja mikono kifuani. Wote wanne wakamgeukia Katibu.

Alifikiria watoto wa Mama Uzi. Alifikiria unga wa mkopo, na gundi iliyokwisha. Akamwona Wifi na ndoo yake kichwani. Kisha akauinua mkono shingo upande, na ulikuwa mzito kama ule mti wenye kitambaa kilicholowa. Mwenyekiti akasema "asante", kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Spana akatoka bila kuaga.

*

Nje, Mheshimiwa alikuwa amesimama kando ya gari lake, na vijana wawili walikuwa wanafunga vipaza sauti juu ya paa. Akampa Katibu mikono yote miwili.

"Historia itakukumbuka, mama."

Katibu akangoja mpaka vijana wakasogea. Aibu ilimpanda, lakini akajikaza. "Mheshimiwa, ile habari ya jina la wifi yangu. Nimefikiria. Naomba aingizwe."

Mheshimiwa akakuna kidevu, akatazama kiatu chake kilichotengenezwa. "Mama, ile ilikuwa jana."

"Ulisema nifikirie."

"Nilisema usifikirie mpaka siku ipite. Mwenyekiti aliniletea mpwa wake alfajiri, na wengine walileta wa kwao. Orodha imefungwa." Alionekana anasikitika kweli. "Ungeniomba kabla ya kuinua mkono ningepata la kuwaambia wakubwa. Sasa nikawaambie nini? Kura yako wanayo tayari."

Hivyo Katibu akaambulia patupu pande zote. Alikataa kupendelea alipokuwa na nguvu ya kudai, akaja kuomba upendeleo alipokuwa hana kitu mkononi. Akasema "haya, Mheshimiwa", akaanza kutembea kurudi nyumbani. Kabla hajafika mbali, gari likampita likimtimulia vumbi, vipaza sauti vikivuma: "Ushindi! Ushindi kwa wafanyakazi! Kila wa kudumu atapata nusu mshahara! Vibarua, awamu ya pili! Kamati yatangaza: wafanyakazi wote wameridhika!"

Gari likakata kona kuingia mtaani kwao. Katibu akaanza kukimbia, akiwa mtu mzima na kanga ikimfunguka. Kisha akaona ni bure, akapunguza mwendo.

*

Wifi alikuwa uani anafua mashuka kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni waliambiwa warudi kesho, na kesho hiyo mwenye duka alikuwa na jibu lingine. Hakuinua kichwa. Fundi alikuwa mlangoni na nyundo mkononi, hana kiatu cha kugonga. Alipomwona mkewe akaingia ndani.

"Umerudi," Wifi akasema. "Shika upande huo tukamue."

Katibu akashika ncha ya shuka. Wakaanza kulisokota, huyu kulia, yule kushoto, kama walivyozoea kufanya kila kitu. Maji yakamwagika katikati yao. Katibu alikuwa anatafuta pa kuanzia. Akapata "wifi, unajua", akaiona haifai. Akapata "tulijaribu", akaiona mbaya zaidi.

Wifi akaachia.

Shuka lilifyatuka, likampiga Katibu magotini na kumlowesha, ncha yake ikaburuzika kwenye udongo.

"Wifi! Unaachia bila kuita?"

"Na wewe?"

Katibu akasimama na shuka lake lenye matope.

"Kura naielewa," Wifi akasema. Hakuwa anapiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Mimi si mtoto. Ningekuwa kwenye kiti chako, labda hata mimi ningeuinua mkono. Watu wana shida. Lakini ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Jana nilikuonyesha furaha yangu ya chumba. Jana hiyo hiyo nimemkaribisha chai huyo mtu wako. Leo umenitwisha maji. Halafu nimekuja kulisikia kwenye gari, mwenye duka amesimama pale barabarani ananitazama. Wote wameridhika, wanasema. Nikajiuliza, mimi nimeridhika lini?"

"Nilitaka kukuambia, wifi. Nilishindwa."

"Miaka yote ile ya tangini hukuwahi kushindwa kuniita. Neno moja tu, Katibu. Ningejua kuruka pembeni."

Katibu akalia, akiwa ameshika shuka, asiweze hata kujipangusa. Wifi akamwacha alie. Kisha akaokota ile ncha iliyochafuka, akaitumbukiza kwenye maji, akaisuuza taratibu mpaka udongo ukatoka.

"Mwisho wa mwezi nahama," akasema akiwa ameinama. "Hospitali wanatafuta mtu wa kufua, kazi ya kutwa, na kuna pa kulala stoo. Nakuambia mapema, ujipange. Na kaka yangu nitamwambia mwenyewe."

"Wifi, usiende hivi."

"Shika upande wako."

Wakalikamua upya. Wifi alivuta kwa nguvu, lile kovu la shingoni likawa linapanda na kushuka. Maji yalipokwisha kutoka, akainua uso, akamtazama Katibu machoni, akaita kama alivyokuwa akiita tangini.

"Naachia!"

Jibu lilikuwa neno moja, alilokuwa akilitoa kutwa nzima bila kulifikiria. Katibu alifungua mdomo, lisitoke. Wifi alikuwa bado ameshika upande wake, anangoja kuitikiwa.